Ngoma inatoa unga, na mfadhili anataka kununua skana: tuanze na lipi?

Mtunza Ghala (muulizaji)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo linalonisumbua tangu mwezi uliopita. Mimi ni mtunzaji wa ghala katika makumbusho madogo yenye vitu visivyozidi mia tisa, vingi vikiwa vya mbao, ngozi, ukindu na shanga. Hatuna maabara wala mhifadhi aliyesomea kazi hiyo, na daftari la usajili tunalolitegemea liliandikwa kwa mkono na watu ambao wengi wao wamekwisha kustaafu au kufariki. Tumepata mfadhili aliye tayari kutusaidia, lakini amesema waziwazi kwamba angependa fedha zake zinunue skana ya kutengeneza picha za pande tatu, ili mkusanyo wote uonekane kwenye intaneti kabla ya mwaka kwisha.

Tukiwa bado tunalijadili ombi hilo, niliona kitu kilichonitia wasiwasi. Ghalani tunayo ngoma kubwa iliyochongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi upande mmoja, na hiyo ndiyo inayoulizwa zaidi na wageni. Nilipoisogeza ili nifagie, nilikuta kwenye ubao wa rafu vilima vidogo vya unga mwepesi wenye rangi ya mchanga mkavu, na juu yake, ubavuni mwa gogo, matundu ya mviringo yasiyozidi kichwa cha pini. Siwezi kusema kama unga huo ulikuwapo miezi miwili iliyopita, kwa sababu hatuna fomu ya kuandika hali ya kila kitu tunapokikagua, na hilo nalikubali kuwa ni kosa letu.

Siku chache baadaye walikuja wazee watatu wa jamii ambayo ngoma hiyo ilitoka kwao. Mmoja alipitisha kiganja juu ya ngozi, akasema imekauka na kwamba mikononi mwao ingekuwa imekwisha kupakwa mafuta siku nyingi. Mwenzake aliuliza kwa nini tumeigeuza, uso wa ngozi ukiwa chini na uzito wote wa gogo ukiulemea. Wa tatu, ambaye ni bibi wa makamo, hakuzungumzia hali ya ngoma hata kidogo. Aliuliza kama hizo picha zitaonyesha pia sehemu ya ndani, na kama kila mtu popote alipo ataweza kuiona. Sikuwa na jibu kwa yeyote kati yao. Semina pekee niliyohudhuria ilitufundisha kwamba kitu cha makumbusho hakipakwi chochote na hakishikwi na mtu asiye mtumishi.

Sasa nauliza: je, tukubali skana kwa kuwa ndiyo iliyo mkononi, au tumwombe mfadhili abadilishe matumizi ya fedha zake? Na wazee hawa, je, tuwasikilize kama wageni waheshimiwa tu, au wana neno katika namna tunavyokitunza kitu ambacho kisheria sasa ni mali ya makumbusho?

Fundi Mhifadhi

Ndugu Mtunza Ghala, skana inaweza kusubiri, lakini ngoma haiwezi. Uliyoyaeleza ni dalili za bungua, yaani wadudu wanaotoboa mbao, na kazi ya kwanza ni kuitenga ngoma leo hii, kabla hujamjibu mfadhili. Ifungie ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki inayoonyesha, ukiwa umeisimamisha kama yule mzee alivyoshauri, kisha kagua kila kitu cha mbao kilichokuwa kwenye rafu hiyo na rafu za jirani. Usipulizie dawa yoyote ya wadudu ya dukani. Dawa hizo huacha madoa, hubadilisha rangi, haziwafikii viluwiluwi walio ndani ya mbao, na huachia sumu watu watakaokishika kitu hicho miaka mingi baadaye.

Kabla ya kutibu, hakikisha kwanza kama wadudu wako hai, kwa maana matundu ya zamani hubaki milele na unga wa zamani huweza kudondoka kwa sababu tu kitu kimetikiswa. Tundu jipya huwa na ukingo mkali na mbao iliyo ndani yake huwa nyeupe kuliko uso wa nje, ilhali tundu la zamani limekwisha kuingia vumbi na kufifia. Njia ninayoiamini zaidi haihitaji mtambo wowote: safisha unga wote kwa brashi laini, weka karatasi nyeusi chini ya ngoma ndani ya mfuko, andika tarehe kwenye pembe ya karatasi, usiiguse tena, na uiangalie mara moja kwa wiki. Unga ukirudi, una wadudu hai. Mimi nimewahi kuona kitu kikipelekwa kutibiwa kwa gharama na usumbufu mkubwa, kumbe wadudu wake walikufa kabla aliyekipeleka hajaajiriwa.

Ikiwa wako hai, wengi watakwambia ukigandishe. Ni njia nzuri kwa vikapu vya ukindu na mbao tupu: kitu hufungwa kwenye plastiki, hewa ikakamuliwa, kikawekwa katika friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili, na kikitolewa huachwa humo humo kwenye mfuko wake kwa siku nzima ili maji ya mvuke yagande nje ya plastiki na si juu ya kitu. Hata hivyo, kwa ngoma yako nasita. Ngozi iliyovutwa juu ya gogo husinyaa kwa kadiri tofauti na mbao iliyo chini yake, na mvutano huo unaweza kuipasua. Kwa vitu vya namna hiyo ningependelea kuwanyima wadudu oksijeni: kitu hufungwa ndani ya mfuko maalumu usiopitisha gesi, pamoja na pakiti za kufyonza oksijeni, hadi oksijeni ishuke chini ya asilimia 0.5 na ibaki hapo kwa wiki tatu au zaidi. Chumba kikiwa na baridi muda huongezeka, kwa kuwa mdudu aliyepoa hupumua kidogo.

Kuhusu mafuta, semina yako haikukosea, lakini haikukwambia sababu. Mafuta yanayokauka huwa utando unaonata, hushika vumbi, huifanya ngozi iwe nyeusi, na baada ya miaka michache hayatoki tena bila kuondoka na kitu chenyewe. Yasiyokauka hupenya na kutoka tena juu kama jasho. Mzee yeye alikuwa anazungumzia ngoma inayopigwa: hiyo hupashwa moto, hulegea, hukazwa, na mafuta ni sehemu ya maisha yake. Hajakosea kuhusu ngoma yake. Ni sisi tuliomweka mbele ya ngoma iliyo katika hali nyingine bila kumweleza. Swali la kumuuliza ni: mafuta gani, kila baada ya muda gani, na upande upi wa ngozi? Majibu hayo yaandike, kwa sababu ndiyo yatakayokueleza madoa unayoyaona sasa yametoka wapi.

Neno la mwisho ni kuhusu ghala lako lote. Uchunguzi wa mwaka 2011 uliofanywa na ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi wa utamaduni, pamoja na UNESCO ulionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya mikusanyo iliyo maghalani duniani ilikuwa katika hatari kubwa, na sababu zilizotajwa hazikuwa ukosefu wa skana. Zilikuwa msongamano, daftari zisizoeleweka, na vitu ambavyo hakuna anayejua vilipo. Kama mfadhili anapenda vifaa vya kisasa, mpe orodha ya vifaa vya kisasa unavyovihitaji: vipima joto na unyevu vinavyojiandikia kumbukumbu, angalau kimoja kwa kila chumba. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa muda mrefu utapata ukungu, na kwenye ghala lisilo na kipimo utaujua kwa pua tu, ukiwa umechelewa.

Jicho la Kamera

Nakubaliana na Fundi kuhusu karatasi nyeusi, ila nisingependa teknolojia ya picha ichukuliwe kuwa pambo la mfadhili. Ikitumiwa vizuri, ni chombo cha uhifadhi hasa. Ukitengeneza umbo la pande tatu la ngoma leo na jingine baada ya miaka miwili, kompyuta itakuonyesha ufa uliopanuka kwa nusu milimita ambao jicho lako la kila siku haliwezi kuuona, kwa sababu jicho huzoea. Ipo pia mbinu ya kupiga picha nyingi kamera ikiwa imetulia na taa ikihamishwa kila upande, kisha programu ikakuruhusu kuusogeza mwanga huo kwenye skrini upendavyo. Alama zilizofutika, michoro iliyokwanguliwa na athari za patasi huibuka kama zilizochongwa jana. Ilivumbuliwa mwaka 2001 katika maabara ya kampuni ya kompyuta ya HP, na programu zake zinapatikana bila malipo.

Lakini skana yenyewe sikushauri uinunue. Kwa vitu mia tisa vya ukubwa tofauti, kamera ya kawaida yenye lenzi nzuri, kiguu cha kamera, taa mbili na kitambaa cha kijivu vinatosha, kwa njia inayoitwa fotogrametria. Unapiga picha ukizunguka kitu, kila picha ikirudia walau theluthi mbili ya picha iliyotangulia, na programu inaziunganisha zote kuwa umbo moja. Skana ya leo huachwa bila programu mpya baada ya miaka michache, na faili zake wakati mwingine husomwa na mashine yake tu. Picha ya kawaida itafunguliwa na yeyote. Ujue tu kwamba shanga zitakutesa. Kila ushanga unaong'aa hurudisha mwanga tofauti kamera inaposogea, na programu huona kitu kinachobadilika, ikatoa uso wenye mabonde yasiyokuwapo. Kwa hizo utahitaji vichujio vya mwanga, au ukubali picha bapa zilizo nzuri.

Niwaeleze aibu yangu ili wengine wasiirudie. Katika kazi yangu ya kwanza ya namna hii nilipiga vitu zaidi ya mia tatu kwa wiki tatu, picha safi kabisa, na sikuweka kadi ya namba ya usajili ndani ya fremu hata moja, wala rula, wala kadi ya rangi. Nilidhani nitakumbuka. Vikapu arubaini na moja vilivyofanana vilinifundisha adabu. Picha zile hazikuwa na kosa lolote la ufundi na hazikuwa na faida yoyote kwa mtunzaji, ikabidi turudie zote. Kwa hiyo namba, rula na kadi ya rangi viwemo katika picha ya kwanza ya kila kitu, na nakala za faili ziwe tatu, moja kati ya hizo ikiwa nje ya jengo.

Kuhusu nakala iliyo nje ya jengo, sisemi kwa mazoea. Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro yalipoungua tarehe 2 Septemba 2018, yakiwa na mkusanyo uliokadiriwa kufika vitu milioni 20, miongoni mwa vilivyoteketea ni rekodi za sauti za lugha ambazo baadhi hazina tena wasemaji. Baadaye wanafunzi wa taaluma ya makumbusho waliwaomba watu waliowahi kutembelea wawatumie picha walizopiga kwa simu zao. Hebu fikirini: kumbukumbu ya taasisi ya miaka mia mbili inatafutwa katika simu za wageni.

Mjukuu wa Mwambaji

Nimesoma yote kwa makini, na nashukuru kwa maelezo ya wadudu na kamera, lakini naona swali la bibi limerukwa. Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na humu kila mmoja anaivutia kwake: mhifadhi kwa mdudu, mpiga picha kwa lenzi. Naomba na mimi niivutie upande wangu kidogo.

Babu yangu alikuwa mwambaji. Nikiwa mtoto, walikuja watu wa taasisi moja ambayo sitaitaja wakamrekodi siku nne mfululizo: jinsi ya kuchagua mti, jinsi ya kulowesha ngozi, mpangilio wa vigingi vya kushikilia ngozi, na mambo mengine aliyoyasema kwa sababu aliwaamini. Waliahidi kuleta nakala. Miaka mingi baadaye nilikutana na sehemu ya sauti yake kwenye intaneti, ikiwa imekatwa katikati ya sentensi, jina lake halipo, na sehemu aliyosema isisikilizwe na watoto ikiwa wazi kwa yeyote. Tulipoandika barua tulijibiwa kwamba rekodi ni mali ya taasisi. Ndugu Mtunza Ghala, bibi aliyekuuliza kuhusu sehemu ya ndani huenda anajua kisa kama hicho, au anajua kwamba ndani ya ngoma hiyo kuna kitu.

Si kweli kwamba lazima uchague kati ya kuonyesha kila kitu na kuficha kila kitu. Ipo programu huria iitwayo Mukurtu, iliyoanza kwa kazi iliyofanywa pamoja na jamii ya Warumungu wa Tennant Creek nchini Australia, ambayo humruhusu mwenye kumbukumbu kupanga nani aone nini: picha hii kwa wote, hii kwa wanawake tu, hii kwa familia fulani tu. Na wapo walioweka hadharani kwa namna ya heshima. Digital Benin, iliyofunguliwa Novemba 2022, imekusanya mahali pamoja kumbukumbu za vitu zaidi ya 5,000 vya ufalme wa Benin vilivyotawanyika katika taasisi 131 za nchi 20, na imevirudishia majina yake ya Kiedo pamoja na masimulizi ya watu wenyewe. Hapo ndipo kompyuta ilipofanya kazi ambayo daftari lisingeweza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Watlingit wa Alaska. Ukoo wa Kiks.ádi ulikuwa na kofia ya mbao ya sherehe yenye umbo la samaki, iliyokuwa katika taasisi ya makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani ikiwa imevunjika kiasi cha kutoweza kuvaliwa tena. Kofia ilipigwa picha za pande tatu, sehemu zilizovunjika zikaunganishwa kwenye kompyuta, mashine ikachonga mbao mpya, na mafundi wakaimalizia kwa mkono. Mwaka 2019 kofia mpya iliwekwa wakfu na wenyewe, kwa taratibu zao, na kuanzia hapo ikawa kitu halisi cha ukoo na si sanamu ya maonyesho. Wazo lilitoka kwa ukoo, na teknolojia ikalifuata. Wewe umeanza na teknolojia, sasa unawatafutia wazee mahali pa kukaa ndani yake.

Mtunza Ghala (muulizaji)

Nawashukuru sana, na wewe Mjukuu wa Mwambaji nakushukuru zaidi, ingawa maneno yako yamenichoma. Ngoma iko ndani ya mfuko, imesimama, na karatasi nyeusi iko chini yake.

Kuna jambo jipya. Baada ya kusoma maelezo ya Fundi kuhusu sumu, nilirudi kwenye daftari la zamani. Mbele ya namba ya ngoma kuna maneno mawili ya kalamu ya risasi: "imetiwa dawa". Hakuna jina la dawa wala sahihi. Mstari unaofuata, kwa mwandiko mwingine, unasema "imetoka, siku tisa, imerudi", na hakuna anayejua ilitoka kwenda wapi. Yule mzee alipitisha kiganja chake kitupu juu ya ngozi hiyo mbele yangu. Je, nimemweka hatarini?

Fundi Mhifadhi

Mguso mmoja wa kiganja haukupaswa kukutia hofu kubwa, lakini mpigie mzee leo, umwambie ukweli kama ulivyouandika hapa. Kuanzia sasa yeyote anayeishika ngoma hiyo avae glavu za nitrili, na chumba unachoifungulia kisiwe cha kulia chakula wala cha kupokea wageni.

Kwa muda mrefu makumbusho mengi duniani yalitibu vitu vya ngozi, manyoya na mbao kwa sumu kama aseniki na chumvi za zebaki, na baadaye kwa dawa ya wadudu iitwayo DDT. Waliofanya hivyo waliona wanahifadhi. Madhara yalijitokeza wazi zaidi pale vitu vilipoanza kurudishwa kwa wenyewe: Wahopi wa Marekani waligundua kwamba baadhi ya vitu vyao vitakatifu vilivyorudi kutoka makumbusho, ambavyo kwao ni vya kuvaliwa usoni na kutumiwa, vilikuwa na aseniki. Kanuni za sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu urejeshaji zinayataka makumbusho yawaeleze wanaorudishiwa kuhusu dawa yoyote inayojulikana kutumika. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo, wazee wako wana haki ya kujua.

Hapa sasa ndipo ningemwomba mfadhili agharimie teknolojia. Kipo kifaa cha mkononi kinachotumia miale ya eksirei. Unakisogeza karibu na kitu bila kukikwangua, nacho baada ya dakika moja au mbili hukuonyesha kama kuna aseniki, zebaki au risasi. Huna haja ya kukinunua. Idara za jiolojia za vyuo vikuu na ofisi za madini huwa navyo, pamoja na watu waliofunzwa kuvitumia. Kumbuka tu kwamba hakioni dawa kama naftalini, kwa hiyo jibu la "hakuna" kutoka kwenye kifaa hicho halimaanishi kuwa kitu ni salama kabisa. Hadi upate majibu, hakuna kupaka mafuta, kupiga ngoma, wala kuipangusa kwa kitambaa kikavu kinachorusha vumbi.

Mwalimu Daftari

Nimekaa kimya kwa kuwa waliotangulia wamesema mengi niliyotaka kusema, ila nina tahadhari moja. Tunasema "jamii" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kauli moja. Nimefanya kazi ya kumbukumbu kwa muda wa kutosha kujua kwamba wazee watatu huweza kutoa historia tatu za kigoda kimoja, na kila mmoja akawa na sababu ya kuisema yake. Usichague iliyo nzuri zaidi ukaifanya ndiyo maelezo rasmi. Andika nani alisema nini, siku gani, mbele ya nani, akiwa anaonyesha sehemu ipi ya kitu. Zikipingana, ziache zipingane ndani ya kumbukumbu. Na usifute maneno ya zamani ya daftari hata yanapokuwa ya makosa au ya dharau. Yapigie mstari, andika kando yake. Hayo maneno mawili ya kalamu ya risasi angeweza kuyafuta mtu anayependa usafi, na leo tusingejua lolote kuhusu dawa.

Ule mstari wa siku tisa ningewasomea wazee kama ulivyo, bila kuwaambia unadhani una maana gani.

Mtunza Ghala (muulizaji)

Nimefanya kama Mwalimu alivyoelekeza. Nilimpigia mzee, nikamweleza habari ya dawa, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama dawa ilitiwa kabla au baada. Nikamuuliza, baada ya nini? Nikamsomea ule mstari. Akacheka. Alisema siku hizo tisa ngoma ilikuwa nyumbani kwa mjomba wake, kwa sababu ngozi ilikuwa imepasuka na mtunzaji wa wakati huo, ambaye alikuwa rafiki yao, aliwapa waiwambe upya kimyakimya. Yeye alikuwa kijana aliyekaza kamba. Akaniambia nikahesabu vigingi: vinne vilipotea njiani, wakachonga vingine kwa mti mwekundu zaidi, na vyote vinne viko upande mmoja.

Niliifungua ngoma nikiwa na glavu, nikapiga picha za karibu kama Jicho la Kamera alivyoshauri, namba na rula vikiwemo. Vigingi ni kumi na vinne. Vinne vilivyofuatana, upande wa nyuma, vina rangi ya kutu na vichwa vyake vimekatwa mshazari, ilhali vingine ni vya kijivu na vichwa vyake ni bapa. Nimekuwa nikiifuta vumbi ngoma hii kwa miaka sita.

Kwa hiyo huenda dawa iko kwenye gogo tu, na ngozi ni ya baadaye, ingawa naelewa kwamba sumu inaweza kuhama na kwamba kipimo ndicho kitakachoamua. Idara ya jiolojia ya chuo kimoja imekubali kuleta kifaa chake, na mzee ataonyesha mahali pa kupima. Kwa mfadhili nimeandika barua upya: skana nimeiondoa, nikaweka kamera, vipima unyevu sita, mifuko ya kuwanyima wadudu oksijeni, na nauli za wazee za vikao vinne. Sehemu ya ndani ya ngoma hatutaipiga picha hadi bibi aje na atuambie mwenyewe. Nimemwandikia hivyo, kwa jina lake, na nakala ya barua imo katika jalada la ngoma.

Karatasi nyeusi ilikuwa safi wiki ya kwanza. Leo asubuhi kuna vilima viwili, karibu na mguu wa gogo.